Hawapo Upande Huu

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: assalaam alaykum, na wasioitikia salamu hiyo nawauliza, hamjambo?

Nimepewa nafasi hii niseme kwa niaba ya watu 14 tuliovuka mpaka kwenda mkoa wa Tanga kusaidia kuandaa makao ya watoto yatima. Nimekubali kwa sababu nyinyi ndio mliochanga. Wako humu waliotoa magodoro, wako waliotoa ndoo za rangi, na yuko mama mmoja muuza viazi karai aliyenikuta kivukoni Likoni alfajiri ile tunaondoka, akanishika mkono akanitilia noti ya mia mbili, akasema, "Mnunulie mtoto mmoja sabuni." Aliyetoa ana haki ya kujua chake kimefanya nini. Hesabu yote imebandikwa ukutani pale karibu na mlango, na risiti ziko kwenye faili la buluu kwa katibu wetu. Someni, na mkiona kasoro niulizeni kabla hamjatoka. Sitaisoma hapa. Nataka kuzungumza juu ya kitu ambacho hakimo kwenye hesabu ile, kwa kuwa tulikibeba bila kujua kwamba tumekibeba.

Wengi mnanijua. Nimekuwa muuguzi miaka 31, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo niliitumikia wodi ya watoto. Katika msafara wetu walikuwamo waashi, seremala wawili, fundi wa umeme, fundi wa bomba, na vijana wenye nguvu na brashi. Mimi sikujua kupiga lipu wala kuunga waya. Kazi yangu ilikuwa kuitazama ile nyumba kwa macho ya mtu aliyewahi kumpokea mtoto aliyeungua na uji.

Basi tukavuka feri, tukapita Ukunda, tukapita Msambweni, na kabla ya saa nne tulikuwa Lunga Lunga. Pale siku hizi ni kituo cha pamoja: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, na ng'ambo yake ni Horohoro. Magodoro na rangi vilipita bila taabu, kwa kuwa katibu wetu alikuwa amesoma taratibu mapema. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, thamani yake isiyozidi dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha uasili palepale mpakani, na yeye alikuwa na risiti ya kila godoro. Vibali vyetu vya kufanya kazi ya kujitolea vilikuwa vimeombwa na wenyeji wetu kabla. Naomba hili mlishike nyinyi mtakaokwenda: hata kama hulipwi senti, unapokwenda kufanya kazi katika nchi ya watu unahitaji ruhusa yao.

Kosa lilikuwa langu mimi. Nilipakia sanduku la dawa: za malaria, antibiotiki za maji za watoto, dawa za minyoo. Sikuwa na barua wala kibali. Afisa aliniuliza kwa adabu dawa hizi ni za nani, zimeagizwa na nani, nikakosa la kusema. Sanduku likarudi Mombasa na dereva. Alikuwa na haki kabisa, na mimi nilipaswa kujua kuliko mtu mwingine yeyote katika gari lile. Dawa ya mtoto haivuki mpaka kama gunia la viazi. Dawa zile zile tulizinunua baadaye Tanga mjini, kwenye duka lenye mfamasia, kwa bei isiyotofautiana sana.

Wakati nangoja suala la sanduku liishe, nilikaa kwenye kivuli nikautazama mpaka. Mstari ule ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Walisema uanzie mdomo wa mto Umba, pale Vanga, uelekee ziwa Jipe, uuzunguke Kilimanjaro, uendelee hadi ziwa Nyanza, yaani Victoria. Waliokuwa wakilima na kuvua pande zote mbili za Umba hawakuulizwa. Januari 1915 mataifa hayohayo mawili yakapigana Jasini, karibu na mpaka huo, watu wakafa kwa ajili ya mstari ambao babu zetu waliuvuka kila wiki kwenda kuposa na kwenda kuzika.

Nami nina kumbukumbu yangu ya mpaka huo. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ilifunga mpaka, na haukufunguliwa hadi 1983. Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Mama yangu alikuwa na dada yake Moa, ng'ambo, na dada huyo alifariki katika miaka hiyo. Habari tuliletewa na mvuvi, siku ya tisa. Mama alitandika jamvi uani akakaa matanga peke yake, bila kaburi la kwenda. Nililiona hilo kwa macho yangu. Na bado siku ile nilivuka na ndoo ya rangi mkononi, nikidhani rangi ndiyo niliyokuwa naipeleka.

Sasa niwaambie kuhusu nyumba.

Iko wilaya ya Mkinga, kando kidogo ya barabara iendayo Tanga mjini. Kijiji sitakitaja. Ni nyumba ya vyumba vitano, matofali ya saruji, bati jipya, iliyojengwa na wenyeji kwa miaka minne, fungu kwa fungu, kila mavuno ya machungwa na kila msimu wa samaki. Watoto 11 walikuwa wameshaandikwa na walitarajiwa baada ya wiki tatu. Tulikaa siku sita. Mafundi wakapiga lipu, wakaweka dari, wakavuta waya, wakapandisha tangi la maji la lita 5,000 juu ya mnara wa matofali. Vijana wakapaka rangi. Kazi ilikuwa safi na mimi naisifu mbele yenu.

Lakini kuna mambo ambayo rangi huyafunika, na ningependa yafike kwenye masikio ya kila anayefikiria kuandaa nyumba ya watoto popote.

Choo kwanza. Tundu lilikuwa limetobolewa kwa kipimo cha mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu akichutama juu ya tundu kama lile anaona anakwenda kutumbukia. Akishaogopa choo atakwenda nyuma ya nyumba, na mtoto mmoja akijisaidia nyuma ya nyumba, wiki ya pili wote wanahara. Mwashi wetu akamimina bamba jipya lenye tundu dogo na mahali pa kukanyaga pafupi. Ilichukua mfuko mmoja wa saruji na mchana mmoja. Nje tukafunga vibuyu chirizi vitatu, vile vya dumu na kamba ya kukanyagia, kimoja kikining'inia chini kabisa kwa ajili ya mdogo kuliko wote. Na sabuni. Mama wa viazi karai, kama umo humu, sabuni yako ilining'inia pale kwenye uzi, ya manjano.

Kisha milango. Chumba cha kulala cha wavulana kilikuwa na komeo kwa nje. Niliuliza la nini, nikaambiwa la usalama, wasitoke usiku. Waliolifunga walikuwa na nia njema, nawajua sasa, ni watu wapole. Lakini sisi Wakenya tunajua kinachotokea bweni likiwaka moto na watoto wako ndani. Tumezika watoto wa shule ya Kyanguli mwaka 2001 na wa shule ya Endarasha mwaka 2024. Nilimwomba seremala aling'oe komeo lile mbele yangu, na dirisha moja katika kila chumba likafanyiwa nondo za kufunguka kwa ndani. Jiko lililokuwa kwenye ujia, mafiga matatu chini sakafuni, likahamishwa kibandani, likainuliwa likawa jiko banifu la udongo na tofali, kimo cha kiuno cha mpishi, mahali ambapo mtoto anayetambaa hafiki.

Vitanda vilikuwa dabo deka. Tukasema wenye chini ya miaka sita walale chini, na juu kuwe na kizuizi cha mbao. Kila kitanda na chandarua chake chenye dawa. Kichwa hadi kichwa tukaacha nafasi ya kama mita moja, kwa sababu kikohozi cha mmoja hakiombi ruhusa. Na kila godoro tukalivika mpira.

Juu ya mpira huo niliwakalisha kina mama walezi watatu, nikazungumza nao kwa muda mrefu kuliko juu ya jambo lolote. Mtoto aliyefiwa hukojoa kitandani. Anaweza kuwa na miaka tisa, anaweza kuwa alikuwa mkavu tangu ana miaka miwili. Akizikiwa mama, analowa tena. Ule si uchafu wala si uvivu. Ni huzuni imekosa pa kutokea. Akichapwa asubuhi mbele ya wenzake, atalowa mwaka mzima. Mfumbie macho, mbadilishie shuka, mwambie njoo tunywe chai. Mlezi mmoja, mwanamke mwenye umri kama wangu, alilia pale alipokaa, akasema, "Mimi nilichapwa." Hatukumwuliza zaidi.

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hadi siku ya nne nilidhani tumeshaingia ndani.

Jioni hiyo nilikuwa nimekaa chini ya mwembe na msimamizi wa makao, tunatengeneza faili la afya la kila mtoto: chanjo, uzito, magonjwa, mzio. Pembeni alikaa bi mkubwa aliyeajiriwa kuwa mpishi, anamenya muhogo. Ndiye aliyekuwa akitulisha bada, ule ugali wa muhogo, na samaki siku zote zile, na kila tukishukuru akijibu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Msimamizi akawa ananisomea kutoka kwenye fomu yao ya kupokea watoto. Jina. Umri. Baba: hajulikani. Ukoo wa baba: haujulikani. Mama: marehemu. Ndugu: hawapo.

Bi mkubwa akasimamisha kisu. Akasema, "Hawapo wapi, mwanangu? Hawapo upande huu."

Kisha akaeleza taratibu, bila kuinua macho. Mama wa mtoto yule aliolewa kutoka ng'ambo, Kenya. Ndoa ilivunjika, mume akahama, yeye akabaki, akaugua, akafariki. Kwao wako. Ana kaka wawili. Aliyejaza fomu alikwenda kuuliza kijijini kwa mume, akaambiwa hakuna ndugu, na kweli hapo kijijini hawakuwapo.

Wadigo mliomo humu mmeshaelewa. Kwa asili yetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mtu wa kwanza kuulizwa: mtoto akiugua, akioa, akikosa, mjomba. Uislamu ulipokuja ukaleta haki ya upande wa baba, na leo tunakwenda na yote mawili, lakini hakuna Mdigo anayeweza kuandika kwamba mtoto hana mtu kabla hajamuuliza mjomba. Fomu ile ilikuwa na mstari wa baba na mstari wa ukoo wa baba. Mstari wa mjomba haukuwapo. Ilinakiliwa kutoka kwenye makao mengine ya mbali, kwa watu wenye desturi nyingine, na hakuna aliyeona pengo.

Fundi wetu wa umeme, kijana wa Lunga Lunga, alikuwa juu ya ngazi anafunga taa ya barazani. Akashuka. Akamuuliza bi mkubwa kwa Chidigo jina la babu mzaa mama. Alipotajiwa akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hao nawajua. Mmoja wa kaka zake huja kwetu kununua samaki."

Ndugu zangu, mchana kutwa kijana yule alikuwa anachimba ukuta na kupitisha waya, na kumbe kilichohitajika zaidi kutoka kwake kilikuwa kichwani mwake. Tulikuwa watu 14 kutoka Kwale na Mombasa. Kati yetu tunajua karibu kila nyumba kuanzia Vanga hadi Diani. Tulivuka mpaka na ujuzi huo wote, na hakuna aliyetuuliza, wala sisi hatukujiuliza, kwa sababu tulijiona wapaka rangi.

Sikulala vizuri usiku ule. Nilikumbuka mambo mawili.

La kwanza ni mtoto mchanga aliyeachwa wodini kwetu zamani. Wauguzi tulikuwa wachache na kila mmoja alimpenda kwa dakika tano. Alinyonya chupa, uzito wake ulikuwa mzuri kwenye chati. Mwezi wa pili akaacha kulia. Mgeni akiingia wodini angesema, mtoto mtulivu huyu. Mimi sikuupenda utulivu ule. Mtoto hulia kwa kuwa anatarajia mtu fulani aje, na huyu alikuwa ameacha kutarajia. Miaka mingi baadaye nilisoma juu ya Romania, ambako utawala wa Ceaușescu ulipoanguka mwaka 1989 watoto zaidi ya 100,000 walikutwa kwenye nyumba za serikali. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia watoto 136 mjini Bucharest waliokuwa wakilelewa kwenye nyumba hizo, nusu wakapelekwa kwa familia za malezi. Walioipata familia wakafuatiliwa akili, lugha na tabia, na kwa mambo mengi waliokwenda kabla ya kutimiza miaka miwili ndio waliorudi vizuri zaidi. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona mtoto wangu wa wodini.

La pili mnalijua tangu chuo cha Kurani. Mtume wetu alizaliwa yatima. Akafiwa na mama akiwa mdogo, akalelewa na babu yake Abdul-Muttalib, na babu alipofariki akachukuliwa na ami yake Abu Talib. Alipita mikononi mwa jamaa zake, nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ilimwita kwa jina la kwao.

Tafadhali msinielewe vibaya. Sisemi nyumba ile isingejengwa. Nitakuja hapo.

Asubuhi tukakaa na msimamizi. Ni mtu mwenye moyo mkubwa, naye alitaka jambo hili kuliko sisi. Tukakubaliana kwamba sisi wageni hatutakwenda kumtafuta mtu yeyote kwa miguu yetu wenyewe. Mtoto si mzigo uliopotea kwamba ukimwona mwenyewe unamkabidhi. Wako watu wanaojitokeza wakisema ni ndugu, wakitaka kijakazi au mchunga mbuzi. Kwa hivyo tuliyoyajua tukayaandika, tukampa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, na yeye ndiye aliyewasiliana na mwenzake wa upande wetu, afisa wa watoto. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inataka hivyo, makao ni ya watoto waliokosa mahali pengine. Na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imetaja kwa jina malezi ya ndugu, na imeitambua kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine bila kumbadilisha nasaba yake, ile ambayo Waislamu tumekuwa nayo kabla ya sheria yoyote kuandikwa hapa. Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya tangu 2017, na mwaka 2022 ikaweka mpango wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia. Rwanda walianza mapema. Mwaka 2012 walihesabu makao 33 yenye watoto zaidi ya 3,300, wakaanzisha kazi ya kuwarudisha makwao waliyoiita Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Hata asiyejua Kinyarwanda anasikia neno kulea humo ndani.

Ile fomu tuliiandika upya kwa mkono, siku ya tano, bi mkubwa akiwa mwenyekiti wa kikao kwa hakika ingawa hakuna aliyemtawaza. Mama alizaliwa wapi. Mjomba ni nani. Bibi mzaa mama yuko wapi. Nani alikuja matangani. Swali hilo la mwisho ni lake. Alisema, "Ukitaka kujua ndugu wa mtu, usiulize nani ni nduguye. Uliza nani alilala kwenye jamvi la msiba siku tatu." Mwishoni mwa fomu akataka mstari mmoja zaidi: mtoto analia kwa lugha gani. Maana wapo waliokuwa wamezoea Kisambaa, wapo wa Chidigo, na usiku mtoto akishtuka haongei Kiswahili cha shule.

Leo ni mwezi wa nne tangu turudi. Nitawaambia yaliyopatikana, na yasiyopatikana pia.

Watoto ni 11. Watatu ndugu zao wamepatikana hukohuko Tanzania, Muheza na Korogwe, kwa sababu tu fomu mpya iliuliza upande wa mama. Mmoja kati yao ameshahamia kwa bibi yake. Wawili wana ndugu upande wetu. Yule wa kwanza, mjomba wake anavuka kila Jumamosi ya pili kwenda kumwona, anakaa naye barazani, anamletea samaki mkavu, wakati karatasi zinaendelea. Kumvusha mtoto mpaka moja kwa moja ni kazi ya mahakama na maafisa wa nchi mbili, na inakwenda polepole, na inastahili kwenda polepole. Yule wa pili, shangazi alipatikana, akasema hawezi. Ana watoto sita na mume mgonjwa. Mimi nilikwenda kumshukuru kwa kusema kweli. Mtu mwingine mmoja alijitokeza, maafisa wakamchunguza, wakamkataa, na sitaeleza kwa nini.

Waliobaki sita, hadi sasa hakuna mtu. Kwa wengine huenda asipatikane mtu kamwe. Kwao nyumba ile ndiyo nyumba, na ndiyo sababu nafurahi kwamba choo chake kina tundu dogo, mlango wake hauna komeo kwa nje, na wale kina mama watatu hawachapi mtu asubuhi. Kila senti mliyotoa kwa ajili ya lipu na dari na tangi inalala na watoto wale usiku. Msije mkatoka hapa mkisema muuguzi amesema mchango ulikwenda bure.

Ninachosema ni kwamba kamati imepata maombi ya kujenga bweni la pili, vitanda 20 zaidi, na ramani imeshachorwa. Mimi nimekataa kuitia saini, na nimeona ni haki niwaambie hadharani kuliko kunong'ona. Bweni likijengwa litajaa. Kitanda kitupu humvuta mtoto. Mama mjane mwenye njaa akisikia kuna kitanda, chakula na sare, atampeleka mwanawe kwa kumpenda, na tutamhesabu yatima ilhali mama yake anapika uji wa makopa kilomita tano kutoka hapo. Watoto wa namna hiyo wamejaa kwenye makao duniani kote, na waliowapeleka si watu wabaya.

Fedha ile ya bweni naomba igeuzwe. Nauli na posho ya chakula ya maafisa, maana afisa mmoja ana wilaya nzima na hana hata pikipiki. Sare na madaftari kwa yule bibi wa Muheza, na kwa kila atakayempokea mtoto baada yake. Nauli ya mjomba ya Jumamosi. Ni mtu wa kuchuuza samaki, na anapovuka anakosa soko. Si fedha nyingi, lakini haina jiwe la msingi la kuwekwa wala utepe wa kukatwa. Ndiyo maana naiombea kwa sauti.

Mmeniuliza tangu asubuhi kuhusu picha. Picha za nyumba ziko, mtaonyeshwa. Za watoto sina, na nilipiga marufuku tukiwa bado njiani. Mtoto yule wa kwanza siku moja atakuwa kijana, pengine Lunga Lunga, upande huu wetu, pengine ataposa kwa mmoja wenu. Sitaki mtu atoe simu aseme, ninayo picha yako siku ulipokuwa huna mtu.

Wiki iliyopita bi mkubwa alinipigia simu. Alisema yule aliyekwenda kwa bibi yake Muheza aliondoka na afisa ustawi kwa daladala, godoro lake limefungwa kwenye keria juu, lile lile la kwetu lenye mpira. Walimpa godoro kwa sababu kwa bibi wanalala watatu kwenye mkeka. Akaniuliza, kitanda chake wakiache wazi au waweke mwingine. Nikamwambia wakiache.

Mezani pale mlangoni, kando ya hesabu, kuna daftari. Kama una watu Vanga, Jimbo, Majoreni, Kikoneni, Shimoni, Mwangulu, au kwingineko karibu na mpaka, andika jina lako, namba ya simu, na kijiji. Kama mama yako au bibi yako alizaliwa upande wa Moa, Jasini au Tanga, andika hilo pia. Usiandike habari ya mtoto yeyote unayemjua. Hiyo njoo uniambie mimi, tutakwenda pamoja kwa afisa. Kalamu ziko mbili. Wazee watangulie.